Watu 49 kwa Siku: Kisa cha Reli ya Tadami, Japani

Kwa nini kisa hiki

Mwaka 2018 Japani ilifunga reli ya Sankō, kilomita 108.1 zilizofuata mto katikati ya milima ya magharibi. Mwaka 2024 ikafunga kipande cha reli ya Nemuro kati ya Furano na Shintoku, kule Hokkaido, ambacho sehemu yake ilibomolewa na kimbunga cha 2016 na haikutengenezwa tena. Wanaofuatilia reli za vijijini za Japani wamezoea habari za namna hii: mvua kubwa, daraja kuanguka, mabasi ya muda, miaka ya mazungumzo, kisha tangazo la kufunga.

Reli ya Tadami ilipita njia hiyohiyo hatua kwa hatua, ila mwisho wake ukawa tofauti. Mafuriko yaliivunja Julai 2011, na kipande kilichovunjika kilikuwa na abiria wachache kuliko wanaoenea kwenye basi moja. Tarehe 1 Oktoba 2022 treni zilirudi, kilomita zote.

Ukimuuliza mtu aliyewahi kuipanda kwa nini iliokolewa, atakwambia ni kwa sababu ni nzuri mno. Mimi pia naipenda, na sitajificha nyuma ya takwimu nikisema hivyo. Lakini reli nzuri zimefungwa nyingi. Sankō nayo ilikuwa nzuri. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba uzuri wa Tadami uliokoa reli pale tu serikali ya mkoa ilipokubali kulipia faida ambayo haipiti kwenye dirisha la tiketi. Majina ya watu nimeyaacha. Jina la reli haliwezi kufichwa, na mambo yake yote makubwa yako hadharani.

Usuli

Reli inaanzia Aizu-Wakamatsu, mkoa wa Fukushima, inaishia Koide, mkoa wa Niigata. Ina urefu wa kilomita 135.2 na stesheni 36. Ni njia moja tu, bila umeme. Treni ni za dizeli, aghalabu za behewa moja au mawili. Upana wa reli ni milimita 1,067, uleule wa TAZARA, kwa hiyo aliyezoea kupishana na milima ya Udzungwa kwa treni hatashangaa kuona behewa likijikunja kwenye kona kali za Aizu, eneo la magharibi mwa Fukushima.

Ujenzi ulichukua karibu nusu karne. Kipande cha kwanza, kutoka Aizu-Wakamatsu hadi Aizu-Bange, kilifunguliwa 1926. Reli ilifika Aizu-Kawaguchi 1956. Kutoka hapo hadi Tadami ilijengwa kwanza kwa ajili ya kusafirisha saruji na vifaa vya bwawa la umeme la Tagokura. Abiria walianza kuitumia 1963. Kilomita za mwisho, zenye handaki la Rokujūrigoe la mita 6,359 linalovuka mpaka wa mikoa miwili, zilikamilika 1971.

Historia hii ina uzito katika kisa chetu. Reli ilijengwa ili mto Tadami uzalishe umeme, na umeme huo ukaenda kuwasha miji iliyo mbali sana na bonde lenyewe. Mabwawa yaliyojipanga kwenye mto ndiyo yaliyoufanya maji yake yatulie kama kioo na kuwa ya kijani, na ndiyo yaliyoleta picha ambazo leo watu huzifuata kutoka Taiwan. Bonde lilitoa nguvu zake kwa nchi nzima. Haikuwa ajabu wenyeji kuona kwamba nchi nayo ina deni kwao.

Kwa nini haikufungwa mapema? Sheria ya 1980 ya kunusuru shirika la reli la taifa ililenga njia zenye abiria chini ya 4,000 kwa siku kwa wastani, na nyingi zilifutwa au kugeuzwa mabasi. Tadami ilipona kwa sababu ya theluji. Barabara kuu namba 252, inayovuka mlima kuelekea Niigata, hufungwa majira yote ya baridi, na theluji ya Tadami hurundikana kupita kimo cha mtu. Pasipo treni, hakuna njia ya kupita mlima huo mpaka theluji iyeyuke. Sheria ilikubali udhuru huo. Shirika la taifa lilipogawanywa 1987, reli ikawa mali ya kampuni ya JR East, ile yenye njia zenye faida kubwa za Tokyo.

Yaliyotokea

Mwishoni mwa Julai 2011 mvua kubwa ilinyesha siku kadhaa Niigata na Fukushima. Ilikuwa miezi minne tu baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima Daiichi. Aizu iko mbali na mtambo huo, upande wa magharibi wa mkoa, lakini jina la Fukushima lilikuwa limekwisha kuwatisha wageni.

Madaraja manane ya reli hii yanayovuka mto Tadami yana majina ya namba, kutoka la Kwanza hadi la Nane. La Tano, la Sita na la Saba yalisombwa na maji, mengine kipande, mengine karibu yote. Sehemu nyingine za njia zilirudishwa katika mwaka uliofuata, na upande wa Niigata treni zilifika tena Tadami Oktoba 2012. Katikati likabaki pengo la kilomita 27.6, kati ya Aizu-Kawaguchi na Tadami, likihudumiwa na mabasi.

Mwaka 2013 kampuni ilitoa makadirio: ukarabati ungegharimu takriban yeni bilioni 8.5. Katika mwaka wa mwisho kabla ya mafuriko, wastani wa abiria waliopita kwenye kila kilomita ya kipande hicho ulikuwa 49 kwa siku. Namba hiyo haihesabu tiketi zilizouzwa. Ni wastani wa watu walio ndani ya treni katika kila nukta ya njia, pande zote mbili, kwa siku nzima. Kwa maneno mengine, treni sita kwa siku ziligawana abiria 49.

Kampuni ilipendekeza basi liwe la kudumu. Pendekezo hilo lilikuwa na mantiki na sipendi linaposimuliwa kama ukatili. Basi lilikuwa na safari nyingi kuliko treni, lingeweza kusimama karibu na zahanati na maduka, na halikuhitaji madaraja mapya. Kwa mzee wa kijiji anayekwenda kuchukua dawa, basi lilikuwa usafiri bora.

Maamuzi na sababu zake

Mkoa wa Fukushima na halmashauri za Aizu zilikataa. Sababu zao zilikuwa tatu, na hazikuwa na uzito sawa.

Ya kwanza ilikuwa theluji ileile ya 1980, na hofu kwamba reli iliyokatwa katikati hukauka pande zote mbili. Ya pili ilikuwa heshima: mkoa uliokumbwa na msiba wa nyuklia haukutaka kuonekana unaachia kitu kingine kiende. Ya tatu, na ndiyo iliyobeba mambo, ni kwamba wakati pengo likiwa wazi, wageni walikuwa wanaongezeka upande uliobaki.

Mpiga picha mmoja, mwenyeji wa bonde hilo, alikuwa ameipiga picha reli hii kwa miaka mingi, katika ukungu wa asubuhi za kiangazi, katika majani mekundu ya Oktoba, katika theluji. Picha zake na za wenzake zilisambaa kwenye mitandao, na watu wa Taiwan na China wakaanza kuja. Karibu na daraja la Kwanza, katika mji wa Mishima, njia ya miguu ya kupanda kilimani ikatengenezwa, yenye sehemu za kusimamia katika vimo tofauti. Mahali ambapo zamani alisimama mwenyeji mmoja na kamera yake, sasa pana foleni ya stendi za kamera na watu wanaoangalia saa zao, kwa sababu treni ikipita hairudi mpaka baada ya saa kadhaa.

Suluhu ilipatikana Juni 2017. Mkoa na JR East zilikubaliana kutenganisha njia na treni. Kampuni ingekarabati kipande kilichovunjika, kisha ingeukabidhi mkoa bure: reli, madaraja, mataruma, stesheni. Mkoa ungekuwa mwenye njia. Kampuni ingebaki kuendesha treni tu, na ada ya kutumia njia ingewekwa kwa namna ambayo haiitii kampuni hasara. Gharama za ukarabati ziligawanywa kwa mafungu matatu kati ya serikali kuu, kampuni, na mkoa pamoja na halmashauri.

Palikuwa na kikwazo cha kisheria. Ruzuku ya serikali kuu kwa reli zilizoharibiwa na maafa ilikuwa haki ya kampuni zenye hasara tu, na JR East kwa ujumla wake ilikuwa na faida. Bunge lilirekebisha sheria hiyo 2018. Wengi husahau hatua hii wanapokisimulia kisa kama ushindi wa mapenzi ya wenyeji.

Kisha kuna gharama ya kila mwaka, ambayo ndiyo kiini cha uamuzi wote. Matengenezo ya njia yalikadiriwa kuwa yeni milioni 210 kwa mwaka. Mkoa ulichukua asilimia 70, na halmashauri 17 za Aizu zikagawana asilimia 30. Kati ya halmashauri hizo zimo ambazo treni ya Tadami haipiti kabisa. Walikubali kulipia reli ya jirani, na katika hesabu zote za kisa hiki, hiyo ndiyo inayonigusa zaidi.

Kilichopatikana

Treni zilirudi tarehe 1 Oktoba 2022, miaka 11 na miezi miwili baada ya mafuriko. Kipande kilichofufuliwa kilipewa safari tatu kila upande kwa siku, sawa na kabla ya 2011. Msimu huo wa majani mekundu watu walijaa hata wakasimama njia nzima, jambo ambalo mabehewa hayo hayakuwa yamelizoea.

Safari yenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, huchukua zaidi ya saa nne. Nilipoipanda nilikaa upande wa dirisha, kwenye viti vya kutazamana, katika behewa la kijani. Baada ya Aizu-Wakamatsu ni mashamba ya mpunga tu, tambarare, na wanafunzi wenye sare wanaoshuka Aizu-Bange wakiwa bado wanazungumzia mtihani. Wakishuka wao, behewa linabaki na wageni na wazee wachache. Injini inaanza kunguruma mlimani, miti inakaribia kioo, na hewa inabadilika. Mto unaonekana kwa ghafla chini yako, kijani kizito, kwa sekunde chache za daraja, kisha handaki, kisha mto tena upande wa pili.

Katika stesheni ya Aizu-Kawaguchi jukwaa liko ukingoni kabisa mwa maji. Treni husimama hapo kwa muda, na karibu kila mtu hushuka. Nilimwona bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga za mlimani akiwapisha wageni waliokuwa wakipiga picha, akisubiri kwa subira mpaka mlango uwe wazi, kisha akapanda na kuketi mahali ambapo ilionekana wazi huketi kila siku. Hakutazama mto. Baadaye, kijiji kimoja mbele, watu wawili waliokuwa shambani walinyoosha migongo na kutupungia mikono. Mji wa Tadami una kanuni rasmi ya halmashauri inayowahimiza wakazi waipungie treni mkono. Lakini wale wawili walipunga kwa namna ya mtu anayemwona jamaa yake akipita, na behewa zima likawapungia.

Baada ya Tadami kuna kilomita 20.8 bila stesheni hata moja. Zamani palikuwa na stesheni ya Tagokura humo kati, ndani ya paa la zege la kuzuia theluji, lakini ilifutwa 2013. Sehemu kubwa ni giza la mahandaki. Ukitoka upande wa Niigata, hata kama mlima ni uleule, mwanga ni mwingine.

Uchambuzi: kilichofaa

Kutenganisha njia na treni kulifaa kwa sababu kulimpa kila mmoja mzigo anaouweza. Kampuni ya biashara haiwezi kuwaeleza wenye hisa kwa nini inatunza madaraja kwa ajili ya watu 49. Mkoa unaweza kuwaeleza wapigakura, kwa sababu mgeni akilala Yanaizu, mji mmojawapo wa njiani, akanunua sake, pombe ya mchele, akapanda basi la kwenda kwenye maji ya moto, fedha zake zinaingia katika mkoa hata kama nauli yake ya treni haitoshi kulipia dizeli. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mkoa uliihesabu ile nafuu ya mwenyeji, ambayo kitabu cha hesabu cha kampuni hakina safu yake.

Picha pia zilifaa, na zilifaa kwa wakati wake. Zilianza kupigwa miaka mingi kabla ya mafuriko, bila mpango wa utalii wala bajeti. Daraja lilipoanguka, palikuwa tayari na watu wa mbali waliojua kilichopotea. Reli nyingine zilianza kampeni za aina hiyo siku tangazo la kufungwa lilipotoka, na zilipata umati wa wiki za mwisho, wa kuaga.

Kuna jambo la tatu ambalo ni gumu kulipendekeza kwa wengine. Msiba wa 2011 uliifanya Fukushima itazamwe na nchi nzima, na kulikataa ombi lake kulikuwa kugumu kisiasa. Reli nyingine iliyovunjwa na mvua hiyohiyo, katika mkoa usio na jeraha hilo, nadhani isingefika mbali hivi. Anayetaka kuiga kisa hiki alipime jambo hilo kwanza.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Miaka 11 ni mingi mno. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuriko yalipotokea alifika mwaka wa mwisho wa sekondari bila kupanda treni kwao. Wazazi waliokuwa na wanafunzi walinunua gari la pili au walihamia karibu na shule. Abiria wa aina hiyo hawarudi kwa kufunguliwa tena kwa njia, kwa sababu maisha yao yamekwisha kupangwa upya. Mazungumzo yalitumia miaka sita kabla ya makubaliano, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda kwenye swali la nani anapaswa kulipa, ambalo jibu lake la mwisho lilikuwa sote watatu, kwa mafungu sawa.

Ratiba ni tatizo kubwa zaidi, na bado halijatatuliwa. Treni tatu kila upande kwa siku zinamlazimisha mgeni achague kati ya kubaki ndani na kupoteza nusu siku. Wengi hubaki ndani. Wanapita Aizu-Ōshio, ambako maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na mapovu ya gesi kwa asili yake, bila kujua. Wanakula walichonunua Aizu-Wakamatsu, wanafika Koide, wanaunganisha treni kuelekea Tokyo. Bonde limeonwa na kupendwa, lakini halikuuza hata bakuli la tambi.

Wapo pia wanaokuja kwa gari. Daraja la Kwanza linapendeza zaidi likitazamwa kutoka kilimani, treni ikiwa juu yake. Aliye ndani ya treni haoni upinde wa chuma ulio chini yake. Kwa hiyo picha iliyoiokoa reli inawavuta watu mahali ambapo hawahitaji tiketi. Wananunua kahawa na keki kwenye kituo cha barabarani, na hilo ni jema kwa Mishima, lakini idadi ya abiria haipandi kwa wao kuwepo. Kwa hesabu ya mkoa, hao ni faida. Kwa takwimu za reli, hawapo. Na ni takwimu za reli zinazotangazwa: mwezi Julai 2022, miezi miwili tu kabla ya treni kurudi, JR East ilichapisha kwa mara ya kwanza hasara za njia zake zenye abiria chini ya 2,000 kwa siku, na Tadami imo.

Mwisho, makubaliano yanahusu kilomita 27.6 tu. Kutoka Tadami hadi Koide, ambako abiria ni haba na theluji husimamisha treni mara kwa mara, njia bado ni ya kampuni na hasara ni yake. Sehemu hiyo ikianguka, mkoa wa Fukushima utakuwa unatunza reli inayoishia mlimani, na mkoa wa Niigata haukuwa sehemu ya ule mgawanyo wa asilimia 70 kwa 30.

Ninachopendekeza

Tangu Oktoba 2023 sheria ya Japani inaruhusu kuundwa kwa mabaraza ambamo serikali kuu, kampuni na halmashauri huketi pamoja kuamua hatima ya reli yenye abiria wachache, na la kwanza, la reli ya Geibi, lilianzishwa 2024. Wajumbe wake wataisoma Tadami kama mfano, na ningependa waisome na ratiba yake mkononi.

Kwa Tadami yenyewe, ningeanza na jambo dogo kuliko daraja: treni ya nne, ya adhuhuri, ya kwenda na kurudi kati ya Aizu-Kawaguchi na Tadami, kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba. Mgeni aliyeshuka na treni ya asubuhi angekuwa na saa mbili au tatu za kula, kutembea na kuchota maji ya Ōshio, bila kuogopa kubaki. Njia ni ya mkoa, matengenezo yanalipiwa tayari, na madaraja mapya yapo. Linalohitajika ni behewa moja, dereva mmoja na dizeli. Safari hiyo iendeshwe misimu mitatu, wahesabiwe wanaoshuka katika kila stesheni na si wanaopanda tu, kisha halmashauri 17 zipelekewe hesabu hiyo pamoja na bili ya mwaka.